Kiti Kisichosogezwa

Ilikuwa Jumatatu mchana, kwenye kilima cha tangi la maji, gari lilipoanza kunguruma bila kwenda. Nilikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, lakini mshale wa mwendo ukabaki pale pale kama mambo hayo hayakuuhusu. Pikipiki ikatupita. Mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yake kwa mkono naye alikaribia kutupita, akatuangalia kwa huruma.

Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu na sare zake za shule. Akageuza shingo.

"Mama, linafoka tu, haliendi. Kama baba mdogo."

Siku nyingine ningemkemea, maana baba yake mdogo ni shemeji yangu na hasemwi hivyo. Siku hiyo nilicheka kwa pua, kisha nikasikia harufu. Mimi ni fundi wa mapazia, naijua harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa kizito. Hii ilikuwa kali zaidi, ilikaa kooni. Nikarudisha gia ya kwanza, tukafika juu kwa kutambaa.

"Usimwambie mtu," nikamwambia.

"Nimwambie nani?"

"Mtu yeyote. Hasa bibi yako."

"Mimi tena?" alisema, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anatafuta simu.

Gari kuharibika ni jambo la kawaida, na watu wazima hawatetemeki kwa sababu yake. Mimi nilitetemeka, na sababu yake ni hii.

Gari lilikuwa la mume wangu. Walimwita Mlingoti kwa urefu wake. Kwenye milango aliinamisha kichwa hata pale pasipokuwa na haja, kwa mazoea. Alikuwa fundi wa majokofu. Mwaka jana alilipeleka gereji kubadilisha klachi, akarudi nalo jioni, akaliegesha uani, akafuta kioo cha mbele, akaingia ndani kula. Alilitumia siku tisa tu. Siku ya tisa moyo wake ulisimama akiwa kazini, amepiga magoti nyuma ya jokofu la duka la nyama, spana bado iko mkononi. Shemeji ndiye aliyelirudisha gari nyumbani. Naye ni mrefu vilevile, mdogo mtu kafuata kaka, kwa hiyo hakusogeza kiti.

Mimi ni mfupi. Leseni ninayo ya siku nyingi, lakini zamani nilikuwa naendesha mara moja moja, na kila mara mume wangu ndiye aliyenisogezea kiti mbele, na tukifika anakirudisha nyuma huku akilalamika kwamba ameoa mtu wa kuwekwa mfukoni. Baada ya msiba, siku ya kwanza nilipolazimika kupeleka mapazia kwa mteja, niliingia nikashika ule mkono ulio chini ya kiti. Nikauachia. Vitu vyake vyote vilikuwa vimeshaguswa. Nguo ziligawiwa, simu ilifutwa apewe mpwa, hata upande wake wa kitanda binti alikuwa analala siku akiogopa. Kiti kile peke yake ndicho kilichokuwa bado pale alipokiacha yeye.

Nikashona mto mnene, kwa kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, nikauweka nyuma ya mgongo. Hata hivyo mguu wa kushoto ulifika kwenye pedali ya klachi kwa ncha za vidole tu. Nikawa nauacha pale pale muda wote, juu ya pedali, nikihofia kwamba nikiuondoa sitaipata tena kwa wakati. Karibu mwaka mzima niliendesha hivyo.

Na kulikuwa na maneno ya sebuleni. Wiki ile msiba ulipoisha, walikaa pale kwangu kuzungumza vitu vya marehemu. Shemeji alisema gari linataka mtu wa kulimudu, na mimi pedali sizifikii. Mama mkwe wangu hapendi kelele. Alisema, "Liacheni kwake. Likiharibika mkononi mwake, basi litakwenda kwa mdogo mtu, na hapo asinung'unike mtu." Wote wakasema sawa. Nami nikasema sawa, kwa sababu siku hizo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Jumatatu hiyo tulipofika nyumbani nilitoa karatasi ya dhamana kwenye kisanduku cha dashibodi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kama alivyokunja kila karatasi. Klachi ilikuwa na dhamana ya miezi kumi na miwili. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa inaisha Alhamisi. Chini, kwa herufi ndogo, waliandika: *Dhamana hii haihusu uharibifu unaotokana na namna ya kuendesha.* Niliirudia sentensi hiyo mpaka nikaona kama jina langu limeandikwa mbele yake.

Jumanne asubuhi, nikiwa peke yangu, nilifanya kitu nilichomwona yeye akifanya na ile klachi ya zamani. Nilivuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikawasha, nikaweka gia ya tatu, nikakanyaga mafuta kidogo, kisha nikaachia klachi polepole. "Klachi nzima," aliniambia siku ile, "injini lazima izimike, maana gari limefungwa na haliwezi kwenda. Isipozimika, jua klachi inateleza." Nilikaa na mguu juu, nikiomba izimike.

Haikuzimika. Iliendelea kunguruma pale pale uani, gari halisogei hata unywele, na ile harufu ikaanza kuingia kupitia matundu ya hewa. Nikazima kwa ufunguo.

Nilipotoka niliona kartoni niliyokuwa nimeitandika chini ya injini ili sakafu isichafuke. Ilikuwa na madoa meusi kama kawaida. Nikaigeuza upande wa pili, kama nilivyokuwa naigeuza kila baada ya wiki chache, nikaingia ndani kupiga simu gereji. Wakasema njoo kesho saa tatu.

Jumatano saa mbili na robo shemeji alikuwa amesimama getini kwangu, amevaa shati la kazini.

"Shemeji, habari za asubuhi. Nasikia tuna mgonjwa."

"Nzuri. Nani kakwambia?"

"Mama."

"Na mama kaambiwa na nani?"

Akaangalia dirisha la binti, ambaye asubuhi hiyo alidai mafua asiende shule, na pazia lake lilikuwa linatikisika ingawa hapakuwa na upepo.

"Sikuja kwa ubaya," akasema. "Twende wote. Lakini maneno ya sebuleni unayakumbuka."

"Nayakumbuka."

"Basi. Nisije nikaonekana mchokozi."

Alitaka aendeshe yeye. Nikamkatalia. Tulikwenda kwa gia ya pili karibu njia nzima, tukizunguka vilima, yeye akiuangalia mguu wangu wa kushoto.

Gereji ile iko nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Kuna chumba cha mapokezi chenye kioo kikubwa, na ng'ambo ya kioo unaona magari yaliyoinuliwa juu kama wagonjwa wanaosubiri daktari na miguu inaning'inia. Dada wa mapokezi alinyoosha karatasi yangu juu ya meza kwa kiganja.

"Jina la mwenye gari ndilo hili?"

"Ni mume wangu. Amefariki."

"Pole sana, mama." Kisha akarudi kwenye karatasi. "Dhamana inaisha kesho. Mmewahi. Ila itategemea fundi atakachokikuta. Ikiwa ni kasoro ya kifaa au ya kazi yetu, tunatengeneza sisi. Ikiwa ni dereva, hapo ni juu yenu, pamoja na kazi ya kufungua. Nani anaendesha siku hizi?"

"Mimi."

"Ni yeye," shemeji akasema wakati huo huo. Hakuna aliyemuuliza.

Fundi aliyekuja alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, kitambaa kimening'inia mfuko wa nyuma. Wenzake ng'ambo ya kioo walimpigia kelele, "Robo! Robo, umepata abiria!" Naye akawajibu bila kugeuka, "Robo yangu inawatosha nyie wote na chenji inabaki." Kisha akanisalimu kwa adabu na kuomba ufunguo.

Akafungua mlango, akaona mto, akauangalia, akaniangalia. Mkono wake ukaenda chini ya kiti.

"Usisogeze!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mtu aliyekuwa anajaza matairi upepo akasimama.

Fundi Robo akatoa mkono polepole kama aliyekuta nyoka. "Kimeharibika?"

"Hapana. Nakuomba tu usikisogeze."

Hakuuliza zaidi. Akajitupa ndani, akaegemea mto wangu, akanyoosha mguu. Ulifika kama unavyofika wangu, kwa ncha za vidole. "Mama," akasema, "mimi na wewe miguu yetu imetoka duka moja." Nikaketi kando yake, shemeji akakaa nyuma na magoti yake kwenye kidevu, tukatoka barabarani.

Alifanya kila kitu nilichokifanya mimi, ila bila kutetemeka. Kwenye gia ya nne alikanyaga mafuta ghafla, mshale ukaruka, mwendo haukubadilika. "Umeona? Injini inazunguka, matairi hayana habari." Tuliporudi uani akafanya ile ya breki ya mkono na gia ya tatu. Injini haikuzimika. Akazima mwenyewe, akaweka mikono juu ya usukani.

"Klachi inateleza, hilo halina ubishi. Sasa tunatafuta kwa nini. Mama, nikuulize kitu, usinifiche, maana nikifungua nitaona. Mguu wako wa kushoto, ukishabadilisha gia, unakaa wapi?"

Nilimwona shemeji kwenye kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Alikuwa ameinama mbele.

Ningeweza kusema unakaa sakafuni. Dada wa mapokezi asingejua, hata mkubwa wa gereji asingejua. Lakini mtu huyu alikuwa ameketi pale pale kwenye mto wangu, na mguu wake ulikuwa umening'inia kama unavyoning'inia wangu.

"Unakaa juu ya pedali," nikasema. "Muda wote."

"Muda wote?"

"Nikiuondoa nahisi sitairudia."

Shemeji akashusha pumzi nyuma yangu. Haikuwa pumzi ya furaha, nitamtendea haki, lakini ilikuwa pumzi ya mtu aliyesikia jibu alilolitegemea.

Tukatoka nje. Msimamizi wa gereji alikuja na ubao wake wa karatasi, mtu wa kalamu mbili mfukoni, miwani imefungwa kamba shingoni. Fundi Robo akamweleza. Nikamwona msimamizi akiandika, na kwa kuwa nimezoea kusoma vipimo vya wateja nikiwa upande wa pili wa meza, nilisoma maneno yake kichwa chini miguu juu: *Namna ya kuendesha.* Mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Nilishikilia alama ile kwa macho, nikiogopa asije akaifuta.

"Kwa maelezo haya," msimamizi akasema, "sioni kama kuna haja ya kufungua kwa dhamana. Mguu ukikaa juu ya pedali, klachi haibani sawasawa, inasuguka, inaisha. Ndivyo ilivyo."

"Mimi nilisema," shemeji akasema, akiwaambia mawe ya uani.

Wakati wanazungumza, fundi Robo alikuwa amelala chini ya gari kwa ubavu na tochi. Sauti yake ikatoka huko.

"Mama, gari halidondoshi kitu hapo nyumbani?"

"Linadondosha kidogo. Natandika kartoni."

"Unatandika nini?"

"Kartoni. Ya majora ya vitambaa. Ikichafuka naigeuza."

Akatoka chini, kichwa kwanza. "Tangu lini?"

Nilifikiri. Siku za msiba watu walikuwa wamejaa uani, viti vya kukodi vimepangwa mpaka ukutani, na gari lilikuwa limesukumwa pembeni. Mtu alinikanyagia sebule kwa viatu vyenye mafuta na nikapiga magoti kufuta, nikishukuru kupata kazi ya kufanya. Nilidhani ni mafuta ya ule mtambo wa umeme tuliokodi.

"Tangu mwanzo," nikasema. "Tangu wiki ile ile ya kwanza. Sikuwa naangalia chini."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani?"

Fundi Robo akapitisha kidole mahali fulani chini ya injini, akakitoa kimelowa, akamwonyesha msimamizi. "Mkuu, hapa ndipo injini inapokutana na giaboksi. Oili inatokea humu. Acha nifungue."

"Inaweza kuwa inatoka juu inateremka."

"Inaweza. Acha nifungue."

Msimamizi akanigeukia. "Utie sahihi, mama. Tukikuta kosa si letu, kazi ya kufungua ni yako."

Shemeji akanivuta kando, karibu na pipa la oili chafu. Alizungumza kwa upole, na upole wake ulinitisha.

"Shemeji, achana nayo. Kwa nini ujitie kwenye mambo? Nipe, nitalishughulikia mimi. Nikikaa kile kiti, sihitaji hata kukisogeza. Kinanikaa kama kimekatwa kwa kipimo changu. Wewe unateseka na mito, kila siku mgongo. Yeye mwenyewe angekuona angesemaje?"

Ndilo jambo nililokuwa naliogopa tangu sebuleni, kwamba siku moja atasema kiti kinamkaa. Kwa sababu ni kweli, kinamkaa. Nikaenda kwenye ubao wa msimamizi nikatia sahihi.

Tulingoja kwenye benchi la mapokezi zaidi ya saa mbili. Kupitia kioo nilimwona fundi Robo na mwenzake wakilipandisha gari, wakifungua bolti, wakiteremsha giaboksi kwa jeki kama watu wanaoteremsha jeneza. Nikageuza uso. Mezani palikuwa na jagi la maji na bilauri moja. Shemeji alimimina, akanipa mimi kwanza.

"Siku ile nilipolirudisha gari," akasema baadaye, bila kuniangalia, "niliendesha polepole mpaka watu wakanipigia honi. Nilipofika kwenu sikushuka. Unakumbuka? Ulinigongea kioo."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nasikia kama nikishuka, basi." Hakumalizia. Akachukua bilauri yangu, ikiwa bado na maji, akanywa.

Sikujua. Karibu mwaka mzima nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu anayetaka gari tu.

Fundi Robo aligonga kioo kwa pete ya spana na kutuita kwa mkono. Msimamizi alikuwa tayari pale, miwani iko machoni. Juu ya meza ya chuma walikuwa wametandika gunia safi, na juu ya gunia sahani ya klachi, kubwa kama sahani ya chakula, na vifaa vingine viwili.

"Njoo karibu, mama. Gusa hapa, usiogope kuchafuka."

Nikagusa. Nilitegemea kitu kikavu kilichoungua. Vidole vyangu viliteleza.

"Imelowa," nikasema.

"Imelowa chapachapa. Klachi hufanya kazi kwa kubana vitu vikavu. Ukitia oili katikati, ni sawa na kushika samaki kwa mikono yenye sabuni. Sasa oili imetoka wapi?" Alitupeleka chini ya gari, akaelekeza tochi kwenye mwisho wa injini, kwenye mpira wa mviringo mwembamba. "Huu unaitwa sili. Kazi yake kuzuia oili isitoke. Mwaka jana tulipobadilisha klachi, tulibadilisha na huu, imeandikwa kwenye karatasi yako. Angalia ukingo wake hapa chini."

Hata mimi niliona. Ukingo ulikuwa umejikunja kwa ndani kipande kidogo, kama pindo la pazia lililoshonwa kwa haraka na mtu asiyelinyoosha kwanza. Mapindo ndiyo kazi yangu. Pindo likijikunja wakati wa kushona halijinyooshi lenyewe baadaye.

"Hili lilijikunja siku ya kuwekwa," nikasema.

Msimamizi aliniangalia juu ya miwani yake. Akachukua tochi mwenyewe, akatazama muda mrefu. Kisha akatoa kalamu ya pili, ile nyekundu, akakata mstari mmoja kwenye karatasi.

"Hii ni yetu," akasema. Akafunga kalamu. "Sahani mpya, sili mpya, kazi yote juu yetu. Njooni kesho saa tisa."

Nikarudi kwenye meza ya chuma, nikashika ukingo wake. Nilitaka kucheka na nilitaka kukaa chini. Lakini fundi Robo alikuwa ameshika kile kifaa cha tatu, pete ya chuma nzito, akaizungusha karibu na sikio langu. Ilikwaruza kama mchanga kwenye sufuria.

"Na hii ni beringi ya klachi, huzunguka kila mguu unapogusa pedali," akasema. "Hii haikuharibiwa na oili. Hii imefanya kazi bila kupumzika tangu siku ulipoanza kuendesha. Hii ni yako, mama."

Shemeji akajisogeza.

"Kwa hiyo na yeye ana mkono wake humu."

"Mguu, kaka. Mkono haumo." Fundi Robo akaitupa beringi kwenye gunia. "Inakuja pamoja na klachi mpya kwenye boksi moja, tunaibadilisha hata ingekuwa nzima. Klachi imeuawa na oili, mkuu ameshaandika. Namwambia hili kwa faida yake." Akanigeukia, akashusha sauti. "Lakini ukiendelea vile, mwakani utarudi na karatasi hutakuwa nayo. Kile kiti ni cha nani, mama?"

"Cha mume wangu."

Akaitikia kwa kichwa. Alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kile kitambaa cha mfukoni, na ndipo akasema, "Kiti kina reli, na reli ina meno. Ukijua jino lake ni lipi, hata kesho kutwa unaweza kukirudisha pale pale. Hakipotei."

Shemeji alituacha. Alikwenda akasimama karibu na gari, na kupitia mlango uliokuwa wazi akawa anauangalia mto wangu.

Alhamisi tulirudi wote wawili, binti naye akang'ang'ania kuja, kama shahidi. Gari lilikuwa limeteremshwa, limeoshwa. Fundi Robo alikuwa ameutoa mto wangu akauweka kiti cha nyuma, lakini kiti hakukisogeza. Aliniachia.

Mfukoni nilikuwa na chaki yangu ya kuchorea vitambaa, ile bapa, nyeupe. Nilipiga magoti kwenye saruji, nikachora mstari juu ya reli pale kiti kilipoishia. Nikauangalia mstari ule. Chaki inafutika, hilo nalijua kuliko watu wote.

"Ngoja," shemeji akasema.

Akaomba kwa fundi Robo msumari wa chuma kigumu, ule wa kuchorea bati, akapiga magoti kando yangu, mtu mrefu vile, na juu ya chaki yangu akakwaruza mstari mwembamba mpaka rangi ikatoka na chuma kikang'aa. Alikwaruza mara tatu. Kisha akapuliza vumbi, akasimama, akaenda kusimama mbali akiangalia matairi ya watu.

Nikaingia. Nikashika mkono ulio chini ya kiti, safari hii sikuuachia. Jino la kwanza lililia kwa nguvu, nikafumba macho. La pili. La tatu. La nne likashika, na mguu wangu wote, unyayo mzima, ukakaa juu ya pedali na kuizamisha hadi sakafuni.

"Sasa ondoa mguu," fundi Robo akasema dirishani. "Uweke kushoto. Pana mahali pa kupumzishia."

"Wapi?"

"Hapo hapo. Tafuta kwa mguu."

Niliupeleka kushoto na ukakuta mahali palipoinuka kidogo, penye mpira. Kwa mwaka mzima sikuwahi kufika pale. Niliinama kutazama. Mpira ulikuwa umelika katikati, umebonyea umbo la soli ya kiatu kikubwa, kisigino chini na vidole juu. Miaka yote ile alipumzisha mguu wake hapo. Mimi nilikuwa nalinda kiti, na kumbe alama yake ilikuwa huku chini, mahali nisipofika.

Nikauweka mguu wangu juu yake. Ulizama, ukabaki na nafasi pande zote.

"Breki ya mkono," fundi Robo akasema. "Gia ya tatu. Achia."

Nikaachia klachi polepole. Gari likatikisika mara moja, injini ikazimika. Binti akapiga makofi, maana nilikuwa nimemweleza.

Shemeji alifungua mlango wa abiria, akaingia, magoti yakagonga dashibodi. Hakuuliza nani anaendesha. Aligeuka nyuma, akachukua mto wangu wa kahawia, akauangalia kama asiyejua auweke wapi, mwishowe akaupakata.

"Pitia kilimani," akasema. "Tusikie."

Nikapita kilima cha tangi la maji kwa gia ya tatu, mguu wa kushoto ukiwa pale kwenye mpira. Injini ilinguruma kidogo tu, na gari likapanda.

"Halifoki tena," binti akasema huku nyuma.

"Nani anayefoka?" shemeji akauliza.

Binti akajifanya anafunga kamba ya kiatu.